Mimi Sikunywa Pombe ya Lohay

Mimi si wakili, hilo mlijue mapema. Mtu akiwaambia Tluway wa Gehandu alikuwa wakili, ama ananisifu bure ama ananicheka. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa shule kwenda kuchunga. Lakini kwa miaka mingi, mtu akikatwa na mashine, akigongwa na lori, au akiangukiwa na gogo kwenye kazi ya watu, ndugu zake walikuja kwangu wakasema, "Twende ukatusemee." Basi wakaniita kahamusmo wa vilema. Kwetu Wairaqw kahamusmo ni msemaji wa kijiji, mtu wa heshima. Kahamusmo wa vilema ni dhihaka tu. Sikukasirika. Mkono wangu mmoja ulishatangulia kaburini, jina ningelikataa kwa lipi?

Ninyi vijana wa shule ya kati nawasikia mkisema Waingereza wakiondoka mtavaa joho mkasimame mahakamani. Vizuri. Someni. Ila kuna mambo ya kazi hii ambayo hamtafundishwa huko mnakokwenda, na mimi nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Mkono wangu wa kulia ulichukuliwa na mashine ya kupura ngano kwenye shamba la Mzungu, Bwana Pelamu, chini ya mlima Hanang, upande wa kwenda Gitting. Mashine ile huzungushwa na mkanda mrefu unaotoka kwenye trekta. Ilipoletwa ilikuwa na bati la kuufunika mkanda pale watu wanaposimama kulisha ngano. Mkanda ulikuwa unaruka mara kwa mara, na kila ukiruka ni lazima bati lifunguliwe, lifungwe tena. Bwana Pelamu akaona linamchelewesha. Akaamuru litolewe. Aliyelitoa ni nyapara wake, Lohay wa hapa hapa Gehandu, jirani yangu. Nilimwona na spana. Alipomaliza alilibeba begani akaenda kuezekea banda lake la kuku, na kuku wake wakalala pakavu kuliko watoto wangu. Wiki hiyo hiyo mkanda ukashika mkono wa shati langu.

Nimeandika majina mawili, Pelamu na Lohay. Sababu ya kuyaandika itajulikana mbele.

Nilipopona nikapelekwa bomani Mbulu, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa serikali aliyesikiliza kesi, ili iamuliwe kama napaswa kupewa kitu. Nilikuwa kijana mwenye adabu. Nimefua shati, nimepaka samli usoni, nang'aa kama bwana harusi. Mkalimani akaniambia, "Bwana Shauri anauliza hujambo." Nikasema, "Sijambo, bwana." "Anauliza habari za nyumbani." "Njema, bwana." "Habari za mkono?" Nami, kwa namna nilivyolelewa, mtu mkubwa akikuuliza habari huwezi kumjibu kwa kummwagia shida zako, nikasema, "Mkono nao haujambo, bwana."

Mkono wenyewe haupo! Karani akaandika. Bwana Pelamu alikuwa amekaa kwenye kiti, akatikisa kichwa kwa upole kama mtu aliyesikia habari nzuri za mgonjwa wake. Nikarudi Gehandu na blanketi moja.

Nilimsimulia habari hii mzee Salimu, mwenye duka pale Katesh. Baba yake alikuja na biashara ya chumvi kutoka Kondoa, yeye akazaliwa hapa, na alijua kusema Kiiraqw na Kibarabaig kuliko baadhi yetu. Barazani mwa duka lake aliwaandikia watu barua za kwenda bomani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajipangusa kichwa.

"Kijana, wewe bomani ulikwenda kumsemea nani?"

"Nilikwenda kujisemea mwenyewe, mzee."

"Hapana. Umekwenda kumsemea Mzungu, tena umeshinda. Anakudai asante."

Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniletea chai. Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wangu. Ni yeye aliyenifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuniwekea jiwe juu ya karatasi isikimbie. Ni yeye aliyesema, "Mtu aliyeumia usimpeleke bomani amevaa nguo za sikukuu. Na akiulizwa habari, aseme kwanza panapouma. Adabu atairudia akitoka nje."

Hilo la pili ni gumu kuliko mnavyofikiri. Nimewafundisha watu wazima njia nzima, kutoka Katesh mpaka Dongobesh juu ya lori, na kutoka Dongobesh mpaka Mbulu. Namuuliza mtu, "Habari za mguu?" Anasema, "Mzuri, ndugu yangu." Nampiga kofi la bega. "Habari za mguu?" "Unaendelea vizuri." Watu wa lori wanacheka. Tukifika bomani mtu anatoka jasho, midomo inacheza, kwa sababu ya kumwambia mkubwa kwamba mambo si mazuri. Wengine walishindwa kabisa.

Mzee Salimu alinifundisha pia nisiseme "anaumwa sana." Kila mtu anaumwa sana. Useme kazi iliyokufa. Mwanamke hawezi kusaga. Mwanamume hawezi kumshika ndama aking'ang'ania chuchu. Alinifundisha kwenda kuona mahali penyewe mapema, kabla hapajafagiliwa, na kumtafuta mtu aliyembeba majeruhi, maana huyo ndiye aliyemwagikiwa na damu na hasahau. Alinifundisha kumsalimu mkalimani kabla ya mtu mwingine yeyote, na kusema maneno mafupi mafupi. Ukimpa mkalimani maneno marefu anakula nusu.

Hata hivyo hakuna aliyejua kila kitu. Tulimpeleka mama mmoja wa Kibarabaig kutoka Basotu, amevunjwa nyonga na lori. Karani akamuuliza, "Mume wako ni mwana wa nani?" Mama kimya. Mwanamke wa Kibarabaig hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana na jina hilo. Karani akaona ni mjinga. Mama akajaribu kusaidia, masikini. Akasema, "Ni yule mwenye ng'ombe mwekundu aliyefia upande wa ziwa." Karani akasema, "Niandike ng'ombe?" Askari wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, hawakuniruhusu kuingia, nikapiga kelele jina la mzee dirishani. Mama akaziba masikio. Alipata kitu kidogo mwisho wake, lakini tuliporudi hakusema nami mpaka Katesh.

Nayasema haya ili muone kwamba kule bomani wanataka mdomo, na kwetu kuna mahali mdomo hauendi. Mkishindwa kulielewa hilo, joho halitawasaidia.

Sasa nifike kwa Amsi.

Amsi ni mtoto wa dada yangu. Baba yake ni mzee Nade, mtu mnyoofu, mtu ambaye akikuta ng'ombe wako shambani kwake anamrudisha mwenyewe na kukuuliza kama mmelala salama. Amsi alipotaka kuoa alikwenda kutafuta kazi kwa Pelamu. Nikamwambia, "Usiende kwenye mkanda ule. Tazama hapa." Nikamwonyesha mkono wa shati usio na kitu ndani. Akasema, "Mjomba, siku hizi wanasema kuna bati." Ni kweli, lilikuwepo. Baada ya mimi na mwingine mmoja, serikali ilimwambia Pelamu arudishe bati, akafunga jipya. Akaja bwana wa serikali akaliona, akaondoka. Msimu wa mavuno ulipokolea, Pelamu akamwambia Lohay alitoe. Lohay akalitoa. Amsi alikuwa amesimama pale pale, anamshikia misumari.

Mguu wa kushoto uliingia mpaka gotini. Hospitali wakaukata juu ya goti.

Wakati huo sheria ilikuwa imeshakuja, kwamba mtu akiumia kazini tajiri wake amlipe fidia, isipokuwa kama ameumia kwa ukaidi wake mwenyewe. Mzee Salimu alinisomea mara nyingi mpaka nikaijua. Nikasema safari hii tumempata. Tulikuwa na Amsi mwenyewe aliyeona bati likitolewa, na tulikuwa na kidonda. Tena haikuwa kwa ajili ya fidia peke yake. Nilitaka Pelamu alazimishwe mbele ya watu kuufunika ule mkanda, na asikie jina lake likitajwa kwa sauti. Na Amsi alikuwa na mke mwenye mimba na shamba lisilo na mtu wa kulima. Kama angetoka mikono mitupu, nyumba ile ilikuwa inakufa.

Nikamfundisha Amsi wiki nzima. Alikuwa hodari. "Habari za mguu?" "Umekatwa, bwana." "Nani alitoa bati?" "Lohay, bwana, kwa amri ya Bwana Pelamu." Anasema bila kutetemeka. Dada yangu alikuwa anatusikiliza huku anapepeta, anasema, "Kaka, mwanangu anasema kama jumbe."

Nilikwenda Katesh kutafuta nafasi kwenye lori. Niliporudi, jua la saa kumi, nikakuta mbele ya nyumba ya mzee Nade majani yamekanyagwa, na kibuyu cha pombe ya asali kimeegemezwa ukutani, kitupu. Mzee Nade amekaa, uso umetulia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Karibu, umechelewa. Wageni wameondoka sasa hivi."

"Wageni gani?"

"Lohay. Alikuja na wazee wawili. Ameleta pombe, ameleta na kondoo. Amesema moyo wake haulali kwa ajili ya mtoto."

"Ukanywa?"

"Mtu amekuja nyumbani kwangu ameshika majani mabichi mkononi anaomba amani. Ningemfukuza? Tumekunywa. Mimi nimekunywa, Amsi amekunywa. Nimemtemea pombe kifuani nikambariki."

Kwetu, shauri likishapozwa namna hiyo limekwisha. Wote waliokunywa hawalitaji tena kwa kushtaki. Akilitaja mmoja wao, laana inageuka inaingia nyumba yake, na inaanza na watoto. Mambo haya hayafanyiwi mzaha. Na mke wa Amsi alikuwa ndani, tumbo limefika mwezi wake.

"Shemeji, keshokutwa tunakwenda bomani!"

"Tutakwenda. Kwani kuna nini? Lohay ni Lohay, Mzungu ni Mzungu. Nimempoza jirani yangu, tunachota maji kisima kimoja. Mzungu hajaja hapa, sikunywa naye. Mzungu mtamshtaki."

"Na Amsi akiulizwa nani alitoa bati?"

Mzee Nade akakitazama kile kibuyu kitupu. Nikaona analiona sasa. Alikuwa ametenganisha kitu ambacho hakitengani. Amsi alikuwa ameegemea mlango kwa fimbo zake, akasema taratibu, "Mjomba, Lohay alilia. Mtu mzima analia mbele yangu. Ningefanyaje?"

Tulikwenda. Njiani sikuuliza habari za mguu.

Pelamu alikuwa ameleta wakili kutoka Arusha, mtu mwembamba anayepanguza miwani. Jina lake sikulipata, ningeliandika. Safari hii niliruhusiwa kuingia kama ndugu, nikakalishwa nyuma, nikaambiwa ninyamaze. Wakili hakuanza na Amsi. Alimwita mzee Nade.

"Mzee, unamjua Lohay?"

"Namjua. Ni jirani."

"Alikuja kwako karibuni?"

"Alikuja."

"Mkanywa pombe ya amani?"

"Tulikunywa."

"Kwa mila zenu, pombe ile ikishanywewa, shauri linaweza kusemwa tena?"

Nilimtazama Lohay. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, amevaa koti la Pelamu lililochakaa. Alikuwa anatazama nje. Ndipo nikajua kibuyu kile kilitoka wapi, na nani alinunua asali.

Mzee Nade hajui kusema uongo. Akasema, "Halisemwi."

Wakili akakaa. Bwana Shauri, niseme haki, hakuridhika. Akasema sheria ya serikali haizuiliwi na pombe, na kijana aulizwe mwenyewe. Moyo wangu ukapanda. Amsi akasaidiwa kusimama.

"Wewe. Nani alitoa bati?"

Amsi akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama sakafu.

"Sema usiogope. Bati lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, bwana."

"Likatolewa na nani?"

Nilisikia mkalimani akinong'ona kwa Kiiraqw, "Taja tu, mwanangu, taja." Hata yeye. Amsi jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Ninyi mnaosoma mtasema ni ujinga. Nendeni mkasimame kwa mguu mmoja mahali pale, mkeo anasubiri kuzaa, na umenywa.

Akasema, "Mimi nilisogea karibu mno, bwana. Mkanda haukunifuata. Mimi ndiye niliyeufuata."

Kalamu ya karani ikaenda. Wakili akasimama akasema mlalamikaji amekiri kosa ni lake. Ndipo mimi nikasimama. Nikasema, "Bwana Shauri, mimi sikunywa! Mimi ni ukoo mwingine na sikunywa! Aliyetoa bati ni yule pale, Lohay, na aliyemtuma ni yule pale, Pelamu, na mkono wangu uliliwa na mkanda huo huo!"

Bwana Shauri akauliza, "Huyu aliona siku kijana alipoumia?"

Sikuwepo. Nilikuwa Gehandu, napanda viazi kwa mkono mmoja.

"Basi akae. Shauri lake lilikwisha zamani."

Sikukaa, kwa hiyo askari wakanitoa. Nilikuwa nje, nimeshika nguzo ya bendera, walipotoka wengine. Amsi hakupata kitu. Lohay alipopita karibu nami aliinamisha kichwa akasema, "Habari za hapa, ndugu yangu?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Njema." Mdomo ulijibu wenyewe.

Mke wa Amsi alijifungua salama, mtoto wa kike. Alikaa mpaka mtoto alipoanza kutembea, halafu ndugu zake wakaja kumchukua kwa heshima, wakisema hawana ugomvi na mtu. Shamba likagawanywa kwa majirani walime. Amsi anakaa juu ya kichuguu anawafukuzia watu ndege kwenye mtama wao kwa kombeo. Kila asubuhi Lohay hupita pale akienda kazini, na kila asubuhi Amsi humwambia, "Shikamoo," naye huitikia, "Marahaba, mwanangu." Nimeyasikia kwa masikio yangu. Mzee Nade hakuongea sana tena mpaka alipokufa. Mimi baada ya hapo sikumsemea mtu. Waliokuja niliwaelekeza Katesh kwa mzee Salimu, na mzee Salimu naye hayupo siku hizi.

Kwa hiyo ninyi, kabla ya kuuliza mtu ameumia wapi, muulizeni kama kuna mgeni aliyefika nyumbani kwake na kibuyu. Muulizeni siku ile ile, msingoje lori.

Mwezi uliopita Lohay alikuja kwangu. Amezeeka ghafla. Wanasema Pelamu anauza mashine na kurudi kwao, na nyapara asiyekuwa na Mzungu ni mtu kama sisi. Alisimama uani, majani mabichi mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili. Dada yangu alikuwa kwangu siku hiyo. Aliingia ndani akafunga mlango.

"Tluway, nimekuja," akasema Lohay. "Usiku sioni usingizi. Safari hii hakuna aliyenituma. Asali ni ya mizinga yangu."

"Na safari ile asali ilikuwa ya nani?"

Akakigeuza kibuyu mkononi. Kisha akasema, "Ya Bwana. Unajua ilikuwa ya Bwana. Lakini kulia nililia kweli."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma. Nikamwambia, "Lohay, katika wote tunaolijua jambo hili, niliyebaki na mdomo ni mimi peke yangu. Nikinywa, nani atasema?"

"Sasa utamsema nani, ndugu yangu? Mzungu anaondoka. Sisi ndio tunabaki hapa."

Aliweka majani juu ya jiwe la kusagia, akachukua kibuyu chake akaenda. Alisema atarudi ngano ikishavunwa, na atakuja na wazee. Dada yangu alipotoka aliyatazama yale majani, hakuyatupa. Akaniuliza, "Kaka, akirudi utafanyaje?"

Ngano imeshaanza kuwa nyeupe upande wa Gitting. Nimeomba karatasi kwa mtoto wa jirani nikakaa na jiwe langu, ndiyo maana herufi zimekwenda upande. Aliyetoa bati mara mbili ni Lohay wa Gehandu. Aliyemtuma mara mbili ni Bwana Pelamu. Amsi wa Nade hakuufuata mkanda. Someni kwa sauti, ninyi hamkunywa. Atakaporudi na wazee, mimi pengine nitakunywa.